Mpiga Kodiani Hachezi

Mathenge alikuja kuniaga siku niliyosafiri, na hilo peke yake lilitosha kuniharibia safari. Alivaa koti lake la kijivu, lile la kuchezea ngoma, akanisalimu kwa mikono miwili pale kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Kitale, akasema, "Kimotho, wewe enda tu bila wasiwasi. Sisi tuko." Sisi! Mke wangu Beth alikuwa amesimama kando yake, na wote wawili wakanipungia mkono kwa wakati mmoja, maana wamezoea kufanya mambo kwa wakati mmoja. Ndege ikapaa. Mwenzangu wa kiti alikuwa akipiga picha Mlima Elgon dirishani, na mimi nilikuwa nahesabu ni siku ngapi Mathenge atabaki na mke wangu. Zilikuwa nane.

Mimi ni mpiga kodiani. Kikundi chetu cha mwomboko pale Kiminini kina jozi tano, na mwomboko, kwa asiyeujua, ni ngoma ya Wakikuyu ya watu wawili wawili, ambayo wazazi wetu walikuja nayo Trans-Nzoia pamoja na mbegu zao za viazi. Mwanamume huvaa koti na kofia. Humshika mwanamke kiunoni, wakapiga hatua mbili, wakainama pamoja, wakainuka. Jozi hazibadilishwi ovyo. Ukishapewa mwenzako mnacheza naye mpaka mmoja azeeke au ahame, na si lazima awe mke wako. Beth alipewa Mathenge miaka kumi na moja iliyopita, kwa sababu mikono yangu mimi mumewe ilikuwa imejaa kodiani. Mpiga kodiani hachezi. Kwa hiyo miaka yote hiyo nimekaa kitini nikimtazama mwanamume mwingine akimshika mke wangu, na muziki wa kumshikia nawapigia mimi mwenyewe.

Mathenge ni mjane, ana duka la mbolea na dawa za mifugo, na ni mrefu. Kuhusu urefu wake sina la kusema. Sijawahi kumkuta na kosa lolote, na hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu mtu asiye na kosa huwezi hata kumgombeza ukapumua. Lakini tangu mwaka jana nilianza kuona kitu. Wakifika pale pa kuinama, Mathenge alikuwa akimsogelea Beth kuliko wanaume wengine walivyosogelea wenzao. Mkono wake ulizunguka mgongo wote, nyonga ikagusana na nyonga. Halafu Beth akaanza kwenda Bungoma kila Jumatatu ya pili, ati kumwona binti yetu Wangui anayefundisha huko, na lifti ni ya pikapu ya Mathenge, kwa kuwa Mathenge naye siku hiyo hiyo huenda kuchukua mbolea. Mbolea gani hiyo inayofuata kalenda ya mke wangu?

Sikusema kitu. Mtu wa miaka hamsini na minne akianza kuuliza maswali kama hayo, watu wa Kiminini watapata la kuzungumza mpaka mavuno. Nilitumia nilichokuwa nacho mikononi. Kila walipokaribiana, niliongeza kasi. Si sana, kidogo tu, kiasi cha kumfanya mwanamume atafute miguu yake kwanza kabla ya kutafuta nyonga ya mtu. Mathenge akisogea, naongeza. Nikiongeza, naye anasogea zaidi. Tukawa hivyo mwaka mzima, na wasikilizaji wakasifu kwamba mwomboko wa Kiminini siku hizi una moto.

Mwaliko wa Istanbul ulitokana na video. Mtu alituchukua tukicheza kwenye maonyesho ya kilimo, ikazunguka mtandaoni, na Waturuki fulani wanaoandaa wiki ya wapiga kodiani wakaniandikia: wapiga kodiani wanane kutoka nchi nane, maonyesho kila siku kwa wiki nzima. Tiketi ilikuwa moja. Kikundi kizima kilishangilia, Beth akalia kwa furaha, na mimi nikafurahi pia mpaka Gathii alipotukumbusha kwamba Jumamosi ya wiki hiyo hiyo tulikuwa na kazi Misikhu.

Kazi yenyewe haikuwa ya kukataa. Mwalimu mstaafu anayeitwa Wekoye alikuwa anamwoza binti yake kwa kijana wa kwetu Kiminini, na alitaka watu wake wa Bungoma waione ngoma ya wakwe kwa macho yao. Neno lilikuwa limeshatoka. Sasa nani angepiga? Hakuna. Gathii, anayegonga karing'aring'a, kile chuma cha duara kinachoshika mapigo, ameniomba mara tatu katika miaka sita nimfundishe kodiani, na mara tatu nimemwambia kodiani yangu ni nzee, haitaki mikono ya watu wawili. Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe ndiye sitaki. Kitu pekee ambacho watu wa Kiminini hawawezi kukifanya bila Kimotho ni hicho.

Tukakubaliana nirekodi. Nilienda Kitale kwa Dancan, mwenye studio nyuma ya soko, nikapiga nyimbo nne. Nikizipiga niliona mbele yangu Misikhu, hema, wageni, na ule mkono wa Mathenge ukizunguka, na mimi niko mbali siwezi kuongeza kasi. Basi nikaiongeza hapo hapo studio, mapema, yote kwa mara moja.

Dancan alivua vile visikio vyake. "Mzee, hii si imekimbia sana? Wazee watacheza hii kweli?"

"Ndiyo mwomboko yenyewe hiyo," nikamwambia. "Wewe rekodi."

Jioni nikampa Beth nyimbo hizo kwenye flashi, akaiweka kwenye kabati la vyombo, akanishukuru. Nililala vizuri sana.

Istanbul ni mji mkubwa, watu wanasema una watu wengi kuliko robo ya Kenya nzima. Mimi niliuona kupitia simu. Saa zao ni zetu: kukiwa saa mbili asubuhi Kiminini, ni saa mbili huko, na hilo lilizidisha mateso, kwa sababu kila wakati nilijua hasa Beth anafanya nini. Chai yao huletwa kwenye bilauri ndogo, haina maziwa hata tone. Niliinywa nikisema asante. Tulitunzwa na mama mmoja mwalimu wa shule, Nermin, wa rika la Beth hivi, aliyetuongoza kama wanafunzi na kutuhesabu kila tukishuka kwenye feri. Mwenzangu wa chumba alikuwa Mjojia, mtu wa nchi ya Georgia, anayeitwa Zurab, mpiga kodiani mwenye vidole vinene kama mahindi mabichi, na Kiingereza cha maneno kama arobaini.

Jumatatu tulifungua maonyesho kwenye ukumbi ulio karibu na maji. Nilipiga vizuri. Nilirudi chumbani, nikafungua simu, na hapo kwenye hali ya Beth ya WhatsApp kulikuwa na picha ya mazoezi. Jozi tano, ukumbi wa soko wa Kiminini, Mathenge na mkono wake. Nilikuza ile picha mpaka mkono ukajaa kioo chote. Zurab akachungulia juu ya bega langu, akauliza, "Mke?" Nikasema ndiyo. Akaonyesha Mathenge kwa kidole chake kinene. "Ndugu?" Nikazima simu.

Jumanne nilipiga simu nyumbani saa moja na nusu jioni, wakati ambao najua Beth yuko jikoni.

"Baba Wangui," akasema, "uko aje? Umekula?"

"Nimekula. Nani huyo anaongea hapo nyuma?"

"Nani?"

"Nimesikia sauti ya mwanaume."

"Ah, huyo ni Mathenge. Tumetoka mazoezi, akanileta. Anakunywa chai kidogo tu."

Jikoni kwangu. Saa moja na nusu. Chai yenye maziwa. Mimi huku nakunywa maji ya moto yenye rangi, na Mathenge yuko kwenye kile kiti kilicho karibu na jiko, maana jikoni kwangu hakuna kiti kingine. Nikasikia pia muziki kwa mbali, kodiani yangu mwenyewe ikipigwa kutoka kwenye simu au redio, kisha ikazimwa ghafla.

"Mnasikiza nini?"

"Si ni ile yako ulirekodi," Beth akasema. "Lala vizuri, Baba Wangui. Watu huku wanakusalimia."

Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi niliushiriki usiku kucha. Asubuhi ya Jumatano nilipanda jukwaani na hasira yote, nikapiga mwomboko ambao haujawahi kupigwa Trans-Nzoia wala popote. Vidole vyangu vilikimbia vyenyewe. Ukumbi ulisimama. Watu walipiga makofi kufuata mapigo, nami nikawapita, wakanifuata, nikawapita tena. Gazeti moja la huko liliandika, Nermin akanitafsiria, kwamba Mkenya ndiye mwepesi kuliko wote wanane. Kwa hiyo nikawa maarufu Istanbul kwa sababu Mathenge alikunywa chai kwangu. Nilikata ile habari gazetini nikaiweka mfukoni, na bado nilikuwa na uchungu mtupu.

Alhamisi ilikuwa siku ya kufundishana. Kila mmoja wetu alitakiwa kuwaonyesha watu wa pale ngoma ya kwao, kwenye ukumbi wa mazoezi wenye ukuta mzima wa kioo. Nilimweleza Nermin kwamba mimi siwezi, mpiga kodiani hachezi, nikicheza nani atapiga?

Zurab akainuka. Akavaa kodiani yake, akaupiga mwomboko wangu kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kukosea hata mahali pamoja. Alikuwa ameusikia siku tatu tu. Gathii ameniomba miaka sita. Nilihisi kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umefunguliwa kwa ufunguo wa jirani, na watu wakapiga makofi.

Basi sikuwa na kisingizio. Nermin alijitolea kuwa mwenzangu. Nikamshika kiuno kwa adabu, kwa mbali, jinsi ambavyo nimekuwa nikimwombea Mathenge afanye. Hatua mbili, tukainama, tukainuka. Miguu yangu ilijua, maana nimeitazama ngoma hii maisha yangu yote. Wengine walitufuata wawili wawili. Halafu watu wakaanza kupiga makofi, na Zurab, ambaye mwomboko aliujua kutoka kwangu peke yangu, akaupiga alivyoujua. Aliongeza kasi.

Mara ya tano kuinama, Nermin hakuinuka vizuri. Nilihisi uzito wake wote ukianguka upande wa kushoto, na kabla sijafikiri nikawa nimemsogelea, mkono ukazunguka mgongo wote, nyonga yangu ikaenda chini ya yake ili imwinue. Hatua mbili, tena kuinama, tena akaniangukia. Aliniambia sikioni, "Taratibu, tafadhali, goti." Nikamwita Zurab apunguze. Hakunisikia. Mpiga kodiani hasikii kitu isipokuwa kodiani, hilo nalijua. Makofi yaliongezeka, Zurab akaongeza, na kila alipoongeza nilimshika yule mama kwa nguvu zaidi, kwa sababu ningemwacha angeanguka chini mbele ya watu wote.

Nikatazama kwenye kioo. Mwanamume niliyemwona humo alikuwa amemkumbatia mke wa mtu vile vile kabisa. Nyonga ile, mkono ule. Alikuwa Mathenge, ila mfupi.

Muziki ulipokwisha nilimsaidia Nermin kukaa. Akacheka, akanishukuru, akasema goti hilo lilifanyiwa upasuaji zamani na kwamba mimi ni mwenzi mzuri wa ngoma. Nilitoka nje nikampigia Wangui Bungoma.

"Mama yako ana shida ya goti?"

"Baba, kwani hujui? Tangu mwaka jana. Kila Jumatatu ya pili si huwa anakuja huku, nampeleka afanyiwe mazoezi ya goti. Akitoka hapo mara ingine ngazi hawezi panda."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema utamkataza kucheza. Na alisema... Baba, usikasirike. Alisema ukijua goti inauma kwa sababu ya speed, utaona ni wewe unalaumiwa. Alisema bwana yake ana moto akiguswa."

Kwa hiyo mbolea ilikuwa mbolea kweli, na lifti ilikuwa lifti. Na kila nilipoona mkono ukizunguka nikaongeza kasi, goti la mke wangu lilizidi kuuma, na lilipozidi kuuma Mathenge alimshika zaidi, na mimi nikaona zaidi, nikaongeza. Mwaka mzima nimemuumiza kwa vidole hivi, na mtu aliyekuwa akimzuia asianguke ndiye niliyekuwa nikimchukia.

Ungedhani wivu uliisha hapo. Haukuisha, ulikua. Mwanzoni nilimwonea Mathenge wivu kwa sababu ya mkono wake. Sasa nilijua anachopata hasa: alijua uzito wa Beth unaangukia upande gani, alijua pumzi yake inabadilika kabla ya maumivu kuja, na alikuwa akiyajua hayo mwaka mzima mimi nikilala kando ya Beth kitandani bila habari. Nilijua kwa sababu nilikuwa nimeyajua ya Nermin kwa dakika nne tu.

Na ile flashi ilikuwa kwenye kabati la vyombo. Nyimbo nne, kila moja ikikimbia. Jumamosi Beth angecheza zote nne mbele ya wageni wa Wekoye, na Beth si mtu wa kuketi katikati ya ngoma watu wakimtazama. Angecheza mpaka goti livunjike.

Kumbe kusema neno moja ni kazi. Ijumaa nilishika simu mara nyingi. Ningemwambia nini? Kwamba nilirekodi vile makusudi? Kwa nini? Nilijiambia Beth si mtoto, ataketi akichoka. Nilijiambia pengine umeme utapotea Misikhu. Nikapanda jukwaani nikapiga vibaya, nikalala na viatu.

Jumamosi asubuhi sikumpigia Beth. Nilimpigia Mathenge. Wivu ni wangu na yeye, nikaona anayestahili kuusikia ni yeye.

"Kimotho! Huko aje, bana?"

"Mathenge, ile kitu nilirekodi, msitumie. Imekimbia. Nilifanya makusudi. Sikutaka... sikutaka mkae sana mkicheza. Wewe na yeye."

Nilisikia mlango wa duka ukifungwa, kelele za barabara ya Kiminini zikapungua. Akasema kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko tusi, "Hiyo tunajua. Tuliisikiza Jumanne kwako jikoni. Mama Wangui alisikia kidogo tu akasema, huyu ni bwana yangu na wivu yake. Akasema tusikuambie, tusikuharibie wiki."

"Sasa mtafanya nini?"

"Tutacheza nayo. Hakuna ingine. Mzee Wekoye ameshaambia watu, hema iko juu. Usijali, mimi nitamshika."

Nitamshika. Nilikaa na neno hilo nikiwa nimesimama kwenye ngazi za hoteli. Kisha nikamwuliza wanacheza saa ngapi. Akasema saa kumi. Onyesho letu la kufunga lilikuwa saa tisa na nusu, na mimi nilikuwa wa tatu.

"Ile flashi itupe," nikamwambia. "Waunganishe simu na spika. Nitapiga mwenyewe, kutoka huku."

Nermin ndiye aliyenisaidia. Alinitafutia kamba, akanifungia simu kifuani juu kidogo ya kodiani, akahakikisha mtandao. Saa kumi kasoro dakika mbili nilikuwa nyuma ya pazia, na kutoka kifuani pangu ikasikika sauti ya Mwalimu Wekoye: "Bwana Kimotho! Karibu Misikhu, hata kama uko mbali. Simu imeingia kwa spika. Wageni wameshakula, wanangojea tu!"

Nikatoka jukwaani, watu mia tano wakashangilia. Walikuwa wamesoma gazeti. Walikuja kumwona Mkenya mwepesi.

Nikaanza polepole. Nilianza kwa kasi ya zamani, ile baba yangu aliyopigia, ambayo mtu anaweza kuinama, akakaa huko chini kidogo, akainuka kwa heshima yake. Ukumbi ulingoja. Wakadhani ni mwanzo tu. Ubeti wa pili ukaja, nikabaki pale pale, na hapo makofi yakaanza kunisukuma. Watu wanapopiga makofi huwa wanakimbia, hawajui, wanakimbia tu. Zurab aliyekuwa pembeni aliniashiria kwa kidole: ongeza, kaza, twende. Nilihisi vidole vyenyewe vikiniomba.

Sikuwa na picha, sauti tu. Simu ilikuwa imegeuziwa hema huko Misikhu, hata ingekuwa na picha ningeona turubai. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja nilikuwa nawapigia bila kuwaona. Nilijua mkono uko wapi. Nilijua nyonga iko wapi. Nilijua kwamba kadiri nilivyopiga taratibu ndivyo alivyokaa naye mikononi kwa muda mrefu zaidi, na nilipiga taratibu. Makofi yakanipita mbele, yakarudi, yakapotea. Watu wakakaa chini. Jasho lilinitoka. Nyimbo zote nne nilizipiga hivyo, nikiwapa wale wawili wakati wote waliouhitaji, na wivu haukuniacha hata kwa ubeti mmoja.

Mwisho makofi yalikuwa ya adabu. Kifuani pangu lakini kulikuwa na vigelegele, vya Wabukusu, watu wa Wekoye, na vya Wakikuyu vimechanganyika. Nilienda nyuma ya pazia, nikafungua ile kamba, nikaweka simu sikioni.

"Baba Wangui." Alikuwa akihema.

"Goti?"

"Iko sawa. Leo nimecheza hadi mwisho. Sijafika mwisho tangu mwaka jana."

"Amekushika?" Lilinitoka kabla sijalizuia.

"Amenishika. Si ndio kazi yake?" Beth akasema kwa sauti ya chini, mbali na wageni, "Na hiyo kazi ni wewe ulimpea. Hakuna mtu alikunyang'anya. Miaka kumi na moja umekataa kufundisha hata mtu moja, sasa ulitaka nicheze na nani?"

Nilikuwa nimekaa juu ya sanduku la mtu.

"Kule Bungoma wameniambia hii goti iko na mwaka moja ya kucheza, labda mbili," akaendelea. "Hiyo yenye imebaki nataka nicheze na bwana yangu. Ukirudi ufundishe mtu kodiani."

"Sawa," nikasema. "Nitamfundisha Gathii."

"Gathii akiacha karing'aring'a nani atagonga? Kuna mwenye ameshasema anaweza jifunza. Alisema kitambo, akaogopa kukuambia."

Nilijua kabla hajataja jina. Nilimwona tayari ameketi kwenye kiti changu, kodiani yangu ikipumua juu ya kifua chake kirefu, macho yake yakitufuata mimi na Beth kila tukiinama, na kasi yote iko mikononi mwake.

"Yuko hapo?" nikauliza.

"Yuko hapa. Anangoja jibu yako."

Niliifunga kodiani iliyokuwa miguuni pangu.

"Mwambie aje Jumatatu," nikasema. "Na akate kucha."